Sarafu Niliyoichagua Siku ya Kuanua Matanga

Ijumaa, alasiri. Muleba. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyonyesha wala kukatika. Wageni wameondoka, migomba inadondosha maji, nami nina hasira.

Sitajifanya nina majonzi. Majonzi nilikuwa nayo hadi asubuhi ya leo. Sasa ni hasira tu, na nimefungua daftari hili kwa sababu hakuna aliyebaki humu ndani wa kumwambia.

Leo nimechagua sarafu.

Nianze na mkebe. Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa na mkebe wa bati uliowahi kuwa wa biskuti, na ndani yake aliweka moja ya kila fedha iliyopita hapa kwetu. Simbi za babu zake, yale makombe madogo ya baharini, ambazo zamani watu walinunulia mbuzi. Riale nene yenye mama wa Kizungu mwenye kifua kikubwa, iliyokuja na wafanyabiashara wa pwani. Rupia ya Mjerumani, mfalme wake kavaa kofia yenye ndege. Hela yenye tundu katikati, ya Mjerumani huyo huyo. Halafu shilingi ya Mwingereza yenye simba. Tata hakuwa tajiri. Alisema kila moja ya hizo ilikuja kutuambia kwamba ya jana si kitu, na yeye alitaka kubaki na ushahidi.

Macho yake yalipofungwa, miaka minne iliyopita, mkebe huo ukawa shughuli yake ya kila alasiri. Nilimketisha kibarazani, nikammwagia sarafu mapajani, naye akazitaja moja moja kwa kuzipapasa na kidole gumba. Hakukosea hata siku moja. Alipomaliza aliniuliza, "Koku, ipi yako?" Nami nilimjibu kwamba bado sijachagua. Alicheka, akasema vizuri, nisifanye haraka, maana mwenye kuchagua amekwisha kuaga.

Sikumuuliza maana yake. Nilikuwa na ndizi jikoni.

Nilirudi hapa kutoka Kemondo miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya mume wangu kuchoka kusubiri mtoto. Tata hakuniuliza kitu. Kesho yake alinipeleka kona ya chini ya kibanja, shamba letu la migomba, palipokuwa magugu matupu, akaniambia nilime. Miche ya kahawa niliitoa Kanazi kwa wajomba, nikaibeba kichwani. Mwaka wa kwanza jirani zetu walinicheka. Sasa wakipita hapo hawacheki. Wanaulizana tu kwa nini yao haizai hivyo.

Kaka yangu Kamugisha hajawahi kushika jembe katika kona ile. Yeye ni karani mjini Bukoba, ana nyumba mtaa wa Bakoba, ana baiskeli na viatu vya kubadilisha. Katika miaka minne ya upofu wa Tata alikuja mara tatu, na mara moja kati ya hizo alikuja kutafuta mkungu wa ndizi. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kaka hakuwepo, na lake lilikuwepo lote.

Leo ukoo ulikusanyika kuanua matanga na kumtawaza mrithi. Baba mdogo, yaani mdogo wake Tata, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alimketisha kaka kwenye kigoda cha marehemu na kumpa mkuki wake. Hilo sikulionea kijicho. Tangu utoto najua ardhi ya ukoo ni ya mtoto wa kiume. Lakini najua pia kwamba binti aliyerudi nyumbani hafukuzwi. Hulima kona yake mpaka afe, na hilo nalo ni desturi. Nilikuwa nimeketi kwenye majani tuliyotandaza sakafuni, moyo umetulia.

Kisha baba mdogo akaniita mbele. Akasema nimemuuguza baba yangu wakati wengine wana shughuli zao, na mkono mtupu haulambwi. Mkebe uletwe, nichague sarafu moja ninayoipenda kuliko zote, iwe ukumbusho wangu.

Watu waliguna kwa kuridhika. Mimi nililia kwa shukrani. Naandika hili ili siku nyingine nikijiona mwerevu nilisome.

Nilichagua polepole. Riale nilipoigusa, mke wa kaka alikaza macho kana kwamba nimemshika mkono. Nikairudisha. Rupia nayo nikaipita. Nakiri nilitaka waone kwamba sina tamaa, kwamba miaka kumi na mmoja sikukaa hapa kwa ajili ya fedha. Kiburi hicho ni changu. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliyoipenda ilikuwa ile hela ya tundu. Nilipokuwa mdogo niliugua homa mpaka wakanikatia tamaa, na Tata aliipitisha kwenye kamba ya mgomba akanivika shingoni. Katika upofu wake ndiyo aliyoishika kwa muda mrefu zaidi. Aliingiza ukucha wa kidole cha mwisho katika tundu lake na kuuacha humo huku akiongea mambo mengine.

Nikaichukua. Nikapiga magoti, nikaipokea kwa mikono miwili.

Kwa dakika chache zile nilijiona mtoto wa nyumba hii kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Kikapu cha buni za kutafuna kikaletwa. Kaka mwenyewe aliinuka kwenye kigoda chake kipya, akachagua buni, akaniwekea kiganjani. Kwetu mtu hakatai kahawa. Hata ukikanyaga ua wa mtu mliyegombana naye, akikunyooshea kikapu unachukua. Nikaitia mdomoni nikatafuna, nikamwambia wakola, asante, kama nilivyofundishwa.

Kaka hakurudi kuketi. Aliwageukia watu.

"Mmeona nyote. Dada amechagua, amepokea, ametafuna. Ameaga."

Nilimtazama baba mdogo nikitegemea acheke. Alikuwa anaitazama fimbo yake. Ndipo shangazi mmoja, kwa aibu, akanieleza jambo ambalo inaonekana kila mzee pale alilijua. Katika ukoo wetu, binti akichagua kitu katika mali ya baba yake siku ya kuanua matanga, akakitafunia kahawa mbele ya mrithi, amechukua fungu lake lote. Hadai tena. Hana tena kona. Asiyechagua ndiye anayebaki, kwa kuwa hajapewa chake.

Kaka aliendelea kwa sauti ya ofisini. Mtu wake atakuja Jumatatu kutunza kibanja. Mimi nitapokelewa Kanazi kwa wajomba, amekwisha kuwapelekea habari. Yaani aliwapelekea kabla sijaugusa mkebe.

Nilimuuliza baba mdogo kama alijua wakati ananiita.

"Mwanangu, ulichagua mwenyewe."

Basi. Aliondoka na kuku wangu wawili niliokuwa nimempa zawadi.

Nimefikiria kwenda kushtaki barazani. Nitasema nini huko? Kwamba sikujua? Ukoo mzima uliona taya langu likienda. Na yule aliyejua zaidi ya wote yuko chini ya migomba. Nimemkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe. Kwa nini hakunieleza waziwazi? Miaka minne kila alasiri, angeweza kusema neno moja.

Labda alisema. Aliniuliza kila siku ipi yangu, na nilipojibu bado, uso wake ulilegea, akaomba chai. Nilidhani anataka kunipa. Mzee wa watu alikuwa anataka kusikia bado, tena na tena, mpaka mdomo wangu uzoee.

Hela iko hapa juu ya ukurasa. Ni nyepesi, imechakaa, hakuna duka Bukoba litakaloipokea. Katikati ya tundu lake naona neno nililoliandika sasa hivi.

Nimetoka kidogo kwenda kona ya chini, kwenye manyunyu. Kahawa zimeiva upande wa jua. Kaka amepanga Jumatatu kwa sababu anajua zinavyokuwa zikiiva, hata kama hajui zinavyopandwa.

Sina la kutulia nalo leo. Ninalo la kufanya. Kesho Jumamosi nitaamka na kikapu, nianze na miti ya mwisho kabisa, ile niliyoibeba kichwani, nichume mpaka Jumatatu inikute. Hela nitairudisha kwenye mkebe, na mkebe nitauweka juu ya kile kigoda.

Na mtu wa kaka akifika akaniuliza kama nimekwisha kuaga, nitamjibu nilivyozoea kumjibu Tata.

Bado.