Kitenge Ulichofungia Tumbo

Hukuwa na kiatu cha pili, Raheli. Hukuwa na cheti, hukuwa na ng'ombe, hukuwa na adui hata mmoja pale Mamboya. Na tangu kuzaliwa hukuwahi kuonja pombe, hata ile ya harusini. Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na hilo la mwisho ndilo bado linatuchoma.

Ulimwacha mumeo aende kisomo cha jioni, wewe ukamaliza palizi peke yako. Mgonjwa wa jirani alikunywa uji wako kabla yako. Ukicheka, ulifunika mdomo kwa mkono wenye unga.

Kisukari ulijua unacho. Tumbo lilipoanza kujaa maji ulilifunga kwa kitenge, kisha kitenge kingine juu yake. Debora alipokuuliza ulimjibu, "Mwanangu, nikitaja ini, watasema mama yenu mlevi." Ulipokubali kwenda hospitali, ini lilikuwa limeshajaa makovu.

Daktari alimweleza mumeo, naye akaomba aelezwe tena mpaka akaelewa. Wapo wanaozaliwa na udhaifu wa ini, wameurithi katika ukoo. Kisukari na unene vikiongezeka juu yake, ini huweza kuharibika kimyakimya, hata kwa asiyekunywa.

"Watoto wake wapimwe," alisema daktari, "wasingoje kuumwa."

Siku tunakuzika, mtani wetu Melkizedek alipaza sauti kaburini: "Mzikeni na kata yake ya pombe, asije akaturudia na kiu!" Ni haki ya mtani, tukacheka na machozi yetu. Lakini wapo walioitikia kwa vichwa, wakaamini.

Mwanao Simoni, mpishi kule Mikumi, naye ana kisukari, na mkanda wake umefika tundu la mwisho. Tulipomsihi akapimwe, siku ya arobaini yako, alisema, "Baba, mimi sinywi. Nikionekana kwenye foleni ya wagonjwa wa ini, kazini watanionaje?"

Ni woga wako uleule, Raheli. Ndiyo maana tunasema hadharani: hukuwa mlevi. Aibu isiyo yako ndiyo iliyokuchelewesha, nasi hatutaki imchukue na mwanao.

Leo asubuhi mumeo amemwandikia Simoni barua. Ndani ametia kipande cha kitenge chako, akaifunga bahasha kwa uji wa muhogo. Melkizedek, aliyekuwa anapeleka maharage Mikumi kwa gari, aliipokea kwa mikono miwili.

"Nitamkabidhi mwenyewe," alisema. "Na asipokwenda kupimwa, nitamzika mzima mzima!"

Safari hii yeye mwenyewe hakucheka. Akaitia barua kifuani, akafunga vifungo vya koti, gari likaondoka.

Unakumbukwa na mumeo Cleopa, mwanao Debora, mdogo wako Costancia, wajukuu, mtani wako, na Simoni, ambaye barua yake iko njiani. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tulizobakiziwa.