Siku Baba Alipowasahau Wakwe

Lionja, Nachingwea. Jumamosi, Oktoba 1983.

Joto limekaza tangu asubuhi.

Leo Filbert na wazee wake wamekuja kutoka Ruangwa kuniposa. Baba alivaa shati jeupe, lile la kufundishia dini kanisani. Aliwapokea vizuri, akasali, akasikiliza maneno yao, akasema ameridhika. Mimi jikoni nikashusha pumzi.

Kisha akamgeukia baba mkubwa wa Filbert, akamwuliza kwa upole, "Wageni wetu, mmetoka wapi, na mna shida gani?"

Wakacheka, wakidhani anatania. Mama hakucheka.

Baba hajafika miaka hamsini. Kichwa kilimsumbua tangu ujana. Mwaka jana mguu ukalegea, sasa na maneno yanamponyoka. Babu aliisha hivyo hivyo. Shangazi Skolastika naye, hadi akawa hatambui watoto wake. Huku wanasema tumerogwa. Daktari wa misheni alimwambia Mama kuwa ni mishipa midogo ya ubongo, inaziba kidogo kidogo. Mama alipomtajia Babu na Shangazi, daktari akauliza Baba ana watoto wangapi.

Nipo mimi tu.

Tangu hapo kichwa kikiniuma naogopa. Nikisahau jina la mwanafunzi wangu darasani, nadhani ugonjwa umeanza.

Mama alinikataza kusema. Lakini wageni walipokuwa wanakula, nilimwita Filbert nyuma ya nyumba nikamweleza yote: kwamba huenda nami ninao, na watoto wetu wakaurithi. Alisikiliza akitazama chini.

"Mama anajua kuwa unaniambia?"

Nikasema hajui.

"Nipe muda, Anna. Siwezi kukujibu hapa."

Hakunishika mkono. Alirudi ndani, akakaa karibu na Baba. Baba alipouliza tena wametoka wapi, yeye ndiye aliyejibu, taratibu, kama mtu aliyeulizwa mara ya kwanza: "Tumetoka Ruangwa, Baba. Tumekuja kumposa Anna."

Wameondoka jua likiwa bado kali. Mama anaosha sahani huku anaimba. Anaamini mambo yamekwisha salama. Sijapata ujasiri wa kumwambia.

Sijui Filbert atarudi na jibu gani. Ila kuna swali linalonitesa kuliko hilo.

Kama ugonjwa huu ungekuwa wa kwao, mimi ningekubali kuolewa?