Kitambaa cha Kufunika Kompyuta

Baba Zuhura wangu,

Huko uliko habari za ofisi hazikufikii, na afadhali. Lakini leo nitakusumbua, maana humu nyumbani, mtaa wa Nkuhungu, sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka kompyuta ya kwanza ilipofika ofisini kwenu, ile ya kuwasaidia kuamua mahindi ya msaada wa njaa yaanzie wapi? Ulirudi umechangamka kama bwana harusi, chai ikapoa unanieleza. "Tuanze na swali moja tu, Mama Zuhura. Kijiji gani kitaishiwa chakula mapema? Mabwana shamba wakae nayo, waibishie mpaka waizoee." Ulitaka iwekwe ukumbini, kwenye meza yenu wote.

Thubutu! Ikawekwa chumbani kwa mkubwa, kando ya friji. Mimi nikaagizwa kitambaa cha kufuma cha kuifunika, cheupe, chenye maua pembeni. Ulikitazama ukacheka, lakini hukuwa na furaha. "Wameitandikia kama kochi la wageni."

Mwaka ule mvua ikakata mapema. Ukaruhusiwa kuingia, ukaingiza taarifa za mabwana shamba, na mashine ikataja Busi kwanza, kijijini kwenu. Kabla hujachapa majibu, mkubwa akaenda vikaoni Dar na ufunguo wa chumba mfukoni. Aliporudi, malori yalishapangiwa kwingine, kwa simu. Ukamwonyesha mashine ilichosema. Akakujibu, "Maamuzi yameshapita, bwana. Hilo dude haliwezi kutupangia kazi."

Mama yako kule Busi akala mbegu. Mvua iliporudi hakuwa na cha kupanda, wala nguvu za kupanda. Tulimleta hapa, na mpaka anakata roho alikuwa akikuuliza, "Mwanangu, si uko ofisi ya chakula?" Tangu siku ile hukuwa mzima tena, mume wangu, na mimi nilikuona mpaka nikakuzika.

Sasa wenzako wengi wamepunguzwa kazini. Jana dereva wa ofisi alikuja na uzi mweupe.

"Shikamoo, mama. Imeletwa mashine mpya. Bosi anaomba umfumie kama kile cha zamani, ila kikubwa kidogo."

"Marahaba. Imewekwa wapi?"

"Chumbani kwa bosi, mama. Kuna feni."

Nilitaka kumtimua na uzi wake. Lakini ingesaidia nini? Wangenunua kingine sokoni. Mawingu mwaka huu yanapita tu, na ndugu zako wa Busi bado wanatazama barabarani.

Nimeshamaliza maua ya upande mmoja. Lala, baba.

Mkeo,
Mama Zuhura