Harufu ya Thina kwenye Shimo la Ndizi

Kata ya Kirushya,
Wilaya ya Ngara,
Kagera.
11 Agosti 2024.

Mpendwa mdogo wangu Alfonce,

Marahaba! Nakuitikia kabla hujasema, maana najua ukiuona tu mwandiko wangu shikamoo itakutoka yenyewe. Hujambo huko Mtwara? Wifi yangu Priscila hajambo, na kile kikohozi chake cha vumbi kimepoa? Watoto je, wanaendelea na shule? Mwambie yule mkubwa kwamba shangazi yake bado anamdai ile picha ya siku ya kuhitimu.

Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Kiangazi kimetukausha midomo, lakini maharage tulishapura na migomba ya bondeni haijakata tamaa. Ng'ombe wa baba amezaa ndama jike, mweusi, mwenye kichwa kigumu kama wewe ulipokuwa darasa la tatu.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu unayo. Kwenye simu nikianza kulia huwa unasema, "Dada, mtandao unasumbua," kisha unakata. Barua huwezi kuikata. Nimempa Fideli wa hapa jirani, anakuja huko kikazi, akukabidhi mkononi.

Mwezi wa sita tulikuambia kwamba baba ameungua kidogo jikoni. Haikuwa jikoni, Alfonce, na haikuwa kidogo. Baba mwenyewe ndiye aliyetukataza kukueleza, akasema utapanda basi siku hiyo hiyo na kazi utaipoteza. Tukamtii. Sasa naona kumtii kwetu hakukumsaidia mtu, naomba utusamehe.

Unaikumbuka ile mashine ya kupulizia vanishi uliyomtumia Frednand? Ngoja, usianze kujilaumu, nakujua. Mashine haikukosa kitu. Tangu aipate, kitinda mimba wetu alibadilika kabisa. Kabati zake ziling'aa hadi unaweza kuhesabu meno yako mlangoni, na watu walitoka Rulenge na Keza kuja kuagiza vitanda hapa kwetu. Ila kazi hiyo inataka thina nyingi, ya kulainishia vanishi ili ipite kwenye mashine. Zamani alikuwa ananunua kichupa. Akaanza kununua dumu zima.

Karakana yake si unaijua, kile kibanda cha bati mbele ya nyumba yake, kando ya njia. Jua la mchana likipiga bati, dumu la thina linavimba tumbo. Frednand akaingiwa na hofu. Muuzaji alikuwa amemwambia aliweke mahali pa baridi, mbali na jua, mbali na moto, na watoto wasilifikie. Sasa niambie, hapa nyumbani mahali penye baridi kuliko pote ni wapi? Akafikiri, akaona ni lile shimo la baba la kuivishia ndizi, nyuma ya nyumba. Lilikuwa limekaa bila kazi tangu Pasaka, limetandikwa majani makavu ya migomba, limefunikwa vizuri. Kwa kweli hata mimi ningeambiwa nichague, ningechagua hapo.

Tena kifuniko cha dumu kilikuwa kimepotea. Akafanya kama sisi sote tunavyofanya kwenye dumu la pombe: akakunja jani kavu la mgomba, akaliziba mdomo. Unajua jani hilo kazi yake ni kuzuia nzi huku pombe ikipumua. Thina nayo ikapumua, na dumu lilipolala upande, nyingine ikachuruzika kwenye majani ya chini. Hakuna aliyejua.

Sasa komunio ya kwanza ya Anneth ikakaribia. Yule mtoto wa Frednand, unajua babu yake anavyomdekeza! Baba akasema pombe ya ndizi ya sherehe ataitengeneza mwenyewe, mtu mwingine asiguse. Akamwambia Frednand aondoe dumu lake shimoni. Frednand akaliondoa siku hiyo hiyo, bila ubishi, akalirudisha karakana. Kwa macho yetu shimo likawa tupu.

Daktari aliyempokea baba ndiye aliyetufungua macho baadaye. Alisema mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi. Unashuka chini, unajaa shimoni kama maji, unatulia pale unangoja cheche. Hata dumu tupu ambalo halijaoshwa lina mvuke wa kutosha kumuunguza mtu. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika viatu vya baba mkononi. Nilitamani mtu angetuambia maneno yale mwezi mmoja kabla.

Baba alipanga mikungu yake, akafunika kwa majani mabichi na udongo, akabakiza kile kitundu cha pembeni cha kupulizia moshi. Akapiga magoti na kijinga chake cha moto. Koleta, mke wa Frednand, alikuwa anachambua mchele uani, anasema alisikia kishindo kimoja kizito, kisha akaona udongo umeruka na baba amelala chali, uso na mikono vinawaka. Shemeji yako ni jasiri, Alfonce. Alichovya blanketi kwenye pipa la maji akamfunika, akamzima, akaendelea kummwagia maji usoni hadi pikipiki ilipofika. Daktari alisema bila yale maji tungekuwa tunazungumza mengine.

Mikono imepona kwa makovu. Uso pia, ingawa nyusi hazijarudi na mimi humtania kwamba sasa anafanana na yule ndama. Shida ni macho. La kushoto halioni tena. La kulia linaona mwanga na vivuli, na daktari ametuandikia twende hospitali kubwa Mwanza haraka, kwamba likichelewa nalo litazima. Hiyo ni tangu katikati ya Julai.

Na hatujaenda. Baba amekataa. Anasema atakayemshika mkono kumpeleka Mwanza ni Frednand, si mwingine. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemletea hata katekista. Anajibu kwa upole, "Namngoja Frednand," kisha anauliza kama ndama ameshanyonya.

Frednand hayupo. Jioni ile ile baba alipolazwa, alivunja pampu ya mashine yake kwa nyundo, akaondoka bila kuaga. Siku ya komunio Anneth alikuwa amevaa gauni lake jeupe, na kila mlango wa kanisa ulipolia aligeuza shingo. Nilikuwa benchi la nyuma yake, nikamwona. Sitasahau.

Tulikuja kujua yupo Biharamulo, anapasua mbao kwa rafiki yake Wiston. Nikamfuata. Nilipomwona amekonda, na mimi nilivyo, badala ya kumkumbatia nikamfokea mbele ya wenzake wote. Nikamwita mwoga. Alinisikiliza hadi nikachoka, akaniletea chai, akasema, "Dada, mimi ndiye niliyemchoma baba. Nikija nitamtazama kwa macho gani?" Basi. Kesho yake nikarudi peke yangu. Tangu hapo nikipiga simu haipokei, na ya Koleta anapokea kusema tu kwamba yupo mzima. Najuta, mdogo wangu. Mdomo wangu huu ungefungwa kwa lile jani la mgomba.

Na kuna jambo lingine linaniuma. Wiston aliniambia Frednand anasumbuliwa na kichwa, na mikono inatetemeka kidogo asubuhi. Ndipo nikakumbuka mwaka jana alivyokuwa akitoka karakana akiyumba, macho mekundu, anacheka hovyo bila sababu. Sisi tulimcheka, tukamwambia, "Leo umeionja mapema!" Kumbe hakuwa ameonja kitu. Ilikuwa thina, anaivuta kutwa nzima kwenye kibanda alichofunga dirisha ili vumbi lisishike vanishi. Hata mikono alikuwa akiinawa kwa thina hiyo hiyo, halafu anakaa kula ugali. Daktari alipoyasikia alitikisa kichwa, akasema inaingia kwa pumzi na inaingia kwa ngozi, inakula ubongo polepole, na mtu anaizoea asijue.

Kwa hiyo ninakutuma, Alfonce. Frednand simu yako ataipokea, tangu utoto ni wewe tu aliyekuwa akikusikiliza. Mpigie. Mwambie aende akapimwe, hata kabla ya kuja. Na siku akirudi kwenye ufundi, maana naamini atarudi, afanye kazi ya vanishi uwanjani au aache madirisha wazi, vumbi lishike likitaka. Anunue ile barakoa yenye vichujio, kitambaa hakizuii kitu. Dumu liwe na kifuniko chake chenyewe na liandikwe jina, likae nje kivulini, juu ya ardhi, mbali na jiko, na matambara yaliyolowa thina asiyarundike pembeni. Mikono anawe kwa sabuni. Mwambie taratibu, usifanye kama mimi.

Lakini zaidi ya yote mwambie aje. Baba hana hasira, na jicho halina muda.

Koleta anakusalimu sana, anasema ile kanga uliyomletea ndiyo aliyoivaa siku ya komunio. Anneth anakusalimu. Mjomba Niyonkuru anakusalimu, goti lake bado, ila ulimi wake mzima. Nisalimie wifi Priscila na watoto wote mmoja mmoja, usiwasalimie kwa jumla kama unavyopenda.

Nilikuwa nimefikia mwisho hapa, lakini baba amekaa mlangoni anaota jua, akasikia kalamu inakwaruza, akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia. Nikamsomea na maneno ya Frednand ya kule Biharamulo, ambayo nilikuwa nimemficha. Akaomba nimsomee tena. Kisha akaniambia niongeze jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa yeyote, hata kwa daktari.

"Andika kwamba ile harufu niliisikia," akasema. "Nilipoinama pale shimoni niliisikia vizuri kabisa."

Nikashtuka. Nikamwuliza, kama aliisikia, kwa nini aliwasha moto.

"Ningejuaje? Mtoto huyo tangu ameanza ufundi ananukia vile. Akipita uani najua ni yeye kabla sijageuka. Nilipoisikia nikadhani amekuja kunisaidia, amesimama nyuma yangu. Nikawasha nikiwa na furaha."

Alfonce, hayo ndiyo umwambie. Mengine yote niliyoandika ukiyasahau, haya mfikishie kama baba alivyoyasema. Bado amekaa mlangoni, na kila mtu akipita, yeye huinua pua kidogo.

Mungu awalinde huko mliko, atuweke hai hadi tukutane sote kwenye ua huu huu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Zita.