Kwa Yunis, Habari za Mkono Wangu wa Kulia

Mbukwa, mjukuu wangu Yunis,

Wewe mtoto umeshakuwa mgeni kwetu. Treni ya umeme inatoka huko Dar asubuhi, inapita hapa Ihumwa kabla chai niliyoweka kwenye chupa haijapoa. Naisikia ikipita, na kila ikipita najiuliza imebeba watu gani wa maana kama Yunis hayumo. Mvua imenyesha ikaisha, mtama umevunwa, yule mbuzi uliyempa jina la mwalimu wako amezaa, na wewe hujaonekana. Unapiga simu. Simu ni kitu gani? Simu haina mashavu ya kushika. Na usiniambie habari za kazi, hilo duka la dawa lina wenzako, na Dar nzima haiwezi kuumwa kwa siku moja.

Basi, nimekukaripia, imetoka. Sasa kaa vizuri, maana nina habari nzuri mpaka nimeshindwa kukaa kwenye kiti.

Ujue kwanza anayeandika ni mama yako mdogo Penina, mke wa baba yako mdogo Yohana. Mimi shule sikuingia, nilichunga ndama. Nimemwambia aandike kila neno ninavyolitoa, hata yale yanayomhusu yeye, na asipunguze. Amecheka kidogo, lakini kalamu ameishika.

Yunis, unazikumbuka Jumamosi zetu? Mama yako alipofariki ulikuja kwangu huongei. Watu walikuletea biskuti, walikuuliza maswali, wewe kimya. Mimi sikukuuliza kitu. Nililaza mkeka ukutani upande wa kivuli, nikakukalisha katikati ya magoti yangu, nikaanza kufumua zile nywele zilizojifunga wakati wa msiba. Nilikusuka twende kilioni, mistari minyoofu kutoka usoni hadi kisogoni, na nilipofika nyuma ya sikio la kushoto ukasema, "Bibi, unaniua." Ndilo neno lako la kwanza nyumbani kwangu. Nikakujibu, "Aliyekufa halalamiki, tulia."

Tangu hapo, Jumamosi ulikuwa unaongea. Uso kwa uso ulikuwa bubu, lakini nikishika kichwa maneno yanatiririka. Nani kakupiga shuleni, mwalimu gani anakuonea, mvulana gani kakuandikia karatasi. Mimi nilikuwa nasuka na kuitikia tu. Homa yako niliijua kwa vidole kabla wewe hujaijua. Chawa pia, usikatae.

Halafu ikaja ile chupa. Unajua ilivyokuwa, lakini acha niseme. Nilitoka nayo sokoni Majengo, chupa ya kioo, mafuta ya alizeti yamejaa hadi shingoni, nikateleza hapo mlangoni kwenye maji aliyomwaga kuku. Nilianguka nimeikumbatia kwa sababu sikutaka mafuta yamwagike. Yalimwagika, na kiganja kikapasuka. Hospitali wakasema kamba za ndani zinazokunja vidole, wao wanaziita kano, zimekatika kwenye kidole cha kati na cha pete. Wakazishona. Wakachukua plastiki ngumu, wakaitumbukiza kwenye maji moto ikalainika kama ugali, wakaiumba juu ya mkono wangu, ikapoa ikawa kibao.

Wewe ulikuja siku mbili tatu. Ulilia ulipouona mkono, na siku ya kuondoka ukanibusu ukasema, "Pole bibi, pumzika sasa. Mimi nitasukwa saluni." Ulisema kwa huruma, najua. Lakini mwanangu, lile neno liliniuma kuliko kioo. Nilikaa na hicho kibao nikiwaza, sasa huyu mtoto nitamshika wapi?

Sasa nikupe habari za Rehema. Ni binti wa Majengo, watu wa pale pale wa tangu zamani, anavaa ushungi wake vizuri na anacheka na meno yote. Kazi yake pale hospitali ni kuurudisha mkono kazini. Wanaita utengamao, mimi naita mazoezi. Siku ya kwanza kanisalimia shikamoo, kakaa chini kuliko mimi, akaniuliza, "Bibi, unataka mkono huu ufanye nini?" Nikaona huyu hana akili. Nikamwambia ufanye kazi ya mkono, ulidhani utembee? Akacheka, akauliza tena, kitu gani hasa. Nilitaka kusema kulima, kutwanga. Kinywa kikasema, nataka kumsuka mjukuu wangu. Akasema sawa, basi ndiko tunakokwenda.

Wakati wa kibao kutoka ulipofika, akanieleza kwamba sasa mkono lazima ufanye kazi ndogo ndogo kila siku. Kitu kizito hapana, ila kikombe nishike mwenyewe, tonge nifinyange mwenyewe, vyombo nioshe kwenye maji ya uvuguvugu, kovu nilisugue kwa mafuta. Nikaitikia, nikarudi nyumbani.

Na nyumbani, Yunis, alikuwepo Penina. (Andika. Ndiyo, jina lako. Andika.)

Mkwe wangu huyu hajapata kunikosea adabu tangu aingie kwa Yohana. Nikishika kikombe, anakipokea. Nikisogelea karai, karai limeshaondoka. Ugali ukija, tonge limeshafinyangwa, limeshachovywa kwenye mlenda, liko mdomoni. Nikimwambia niache, anajibu ndiyo mama, na mkono wake hauniachi. Nami nilijua kwa nini. Kwetu mama mkwe akionekana anaosha vyombo na mkwe yupo, ubaya ni wa mkwe. Watamwimba mpaka kisimani.

Basi kila nikienda kliniki Rehema anapima, vidole haviendi. Siku moja akavikunja, vikamkatalia kama bawaba yenye kutu. Akaniuliza nani anakuchana, nani anakufulia, nani anakumenyea. Kila swali jibu lilikuwa Penina. Wiki hiyo hiyo akaja hapa nyumbani kwa bajaji. Penina akafurahi, akaniweka kwenye kiti cha wageni na kitenge kipya, akaleta chai, na mimi nilipoinua kikombe tu, akakitoa mkononi mwangu anishikie.

Rehema akaweka chake chini. Akasema taratibu, wala si kwa ukali, "Dada, unamheshimu bibi mpaka mkono wake unakufa." Akamweleza kwamba zile kano zimeshapona lakini zinagandamana na nyama kwa kukaa bure, na kwamba zikiachwa hivyo vidole vile viwili vitabaki nusu ya njia maisha yote. Penina alikaa pale pale chini akalia. Alisema, "Watasema namtumikisha mama." Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema anachokiogopa. Nikamwambia, watasema, na sisi tutaosha vyombo.

Tukaanza, na tukaanzia nje, maana kuosha ndani kwa kujificha ndiko kungeonekana wizi. Mimi na karai, yeye pembeni ameketi juu ya mikono yake asije akainuka. Wallahi laiti ningekuwa na mtu wa kupiga picha! Sufuria inaniponyoka, yeye anafumba macho. Nahamisha choroko moja moja toka bakuli hili kwenda lile, inadondoka, yeye anauma kanga. Nilipewa donge la unga uliokandwa nilikamue kiganjani, nikalikamua huku nikimtaja kila mtu aliyenikera, na donge lilipata kazi.

Maneno yakaja kama tulivyojua. Mama Stela, jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa mchongoma, alipita akasimama akasema kwa sauti ya huruma, bibi umechoka, siku hizi wakwe wamekuwa mabosi. Penina akainama. Baadaye mzee mmoja wa kanisa akaja kumshauri Yohana jinsi ya kuiongoza nyumba yake. Usiku ule Penina hakula, na asubuhi nikakuta vyombo vyote vimeoshwa kabla sijaamka. Nikaona sasa tunarudi nyuma.

Jumapili wakati wa matangazo nikasimama. Sijawahi kusimama kanisani ila kuimba. Nikainua mkono wangu na kovu lake, nikasema hii ndiyo kazi ya Penina, ameviacha vyombo vyake viharibike ili mkono wangu upone, na kila siku anakaa kuniangalia na moyo wake unatoka damu, kwa sababu mnamsema. Nikasema, anayenihurumia asimseme mkwe wangu, aniletee kitu cha kufanyia mazoezi. Nikaketi. Mchungaji akakohoa, akatangaza kwaya.

Jumamosi iliyofuata, nani anaingia kwenye ua? Mama Stela. Uso hana, ameuficha kwenye kanga. Amemshika mkono mjukuu wake, katoto kana kichwa kama kichaka, akasema, "Bibi, ulisema tulete kitu cha mazoezi. Hiki hapa."

Yunis, nikalaza mkeka. Nilichana, nikagawa nywele, nikashika tatu kwa tatu, kidole cha pete kikateleza, nikashika tena. Nilisuka asubuhi hadi jua likawa kichwani. Katoto kakashika kioo, kakajiangalia kushoto na kulia, kakasema bibi, njia zangu zimepinda kama mtu anayemkimbia ng'ombe. Tulicheka wote, Penina zaidi, na Mama Stela akaufunua uso wake. Wakaja wengine. Sasa Jumamosi uwanja wangu una foleni ya watoto, wengine wanatoka mpaka ng'ambo ya reli, na hakuna anayerudi mzuri sana, lakini wanarudi wamesukwa.

Na juzi ndiyo sababu ya barua hii. Rehema alikuja mwenyewe, si kupima. Akavua ushungi ndani, akafungua nywele zake, akakaa kwenye mkeka akanipa mgongo. Akasema tuone. Nikaanza usoni. Gumba na kidole cha pete vikakutana, vikaachana, vikakutana tena, na sikuvifikiria! Nilikuwa namsikiliza yeye akiongea habari za posa inayomsumbua, nikashtuka nimeshafika kisogoni. Mstari umenyooka. Penina akaupitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema mama, umenyooka, na akaanza kulia tena, yeye machozi yake yako karibu. (Usifute hapo, Penina.)

Mkono haujawa kama wa zamani, sikudanganyi. Asubuhi unakuwa mgumu mpaka niuloweke kwenye maji ya vuguvugu, na ngumi yangu haifungi yote. Lakini nimekuwa nikitembea na furaha hii kama msichana aliyeposwa. Nimemwambia hata mbuzi.

Ila Yunis, vichwa vya watu ni vichwa vya watu. Navisuka na mistari inanyooka, lakini sijui wanawaza nini. Cha kwako nakijua. Ninasikia kwenye simu ukisema upo salama, na mimi siamini, kwa sababu sijakushika. Unalala? Unakula? Kuna mtu anakuliza huko? Sauti yako imekuwa fupi. Mimi siwezi kukuuliza uso kwa uso, na wewe huwezi kunijibu uso kwa uso, tunajuana.

Kwa hiyo hili ni agizo, wala si ombi. Ukikata tiketi ya treni, saluni usipite. Fumua hayo marasta huko huko Dar, osha, paka mafuta, njoo na nywele zako zilivyo, na watakaokushangaa njiani waache washangae. Ukishuka usianze kusalimia majirani. Njoo moja kwa moja, vua viatu, kaa kwenye mkeka, nipe mgongo, na usigeuke mpaka umeniambia yote.

Mimi bibi yako, mzaa baba yako