Treni Iliyokwama Mezani kwa Dada Yako

Nyumba ile ile, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa shemeji,

Anayekuandikia ana miaka themanini na moja. Nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi, nimemaliza redio tano, na injini zote za moshi nilizokazia boliti zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Kwa hiyo mimi mzima. Wewe je, mgongo umetulia? Mwandiko ni wangu mwenyewe, soma polepole.

Ile treni ndogo uliyoicheka kwenye simu imekwisha. Sikununua hata kipande. Reli ni waya wa feni, magurudumu vizibo vya soda, mataruma ya kulazia reli ni njiti za kiberiti mia nne na sita, nimezipaka rangi moja moja. Mota ya redio kaseti. Ukichungulia madirisha utadhani abiria wamelala.

Ugomvi ulikuwa meza. Dada yako amekula sahani ikiwa magotini miezi saba, akasema, "Mzee, Jumamosi treni yako isipozunguka meza yote, inakwenda uvunguni, nami natandika kitambaa changu." Nikamwambia sawa. Nani aogope.

Handaki nilimwagiza seremala. Nikamwambia, kwenda juu vidole vinne. Kumbe kapima kwa vidole vyake, na unavijua, vyembamba kama vya mpiga kinanda. Jumamosi majirani wamejaa mlangoni, treni ikaingia handakini, dohani ya moshi ikagonga juu, ikakwama inanguruma tu.

"Kata dohani," seremala akasema. "Kosa ni vidole vyako vinene."

"Kata shingo yako kwanza," nikamjibu. Injini bila dohani ni kopo la samaki.

Dada yako akaitazama meza yake. Nikajua basi tena, uvunguni. Akaenda uani, akarudi na vipande viwili vya sabuni ya kufulia, akanyanyua handaki, akaweka kimoja kila upande. Treni ikapita. Imezunguka mara kumi na moja mpaka betri zikachoka.

Nikamuuliza mbona kaiacha meza ikaenda hivyo. Akasema, "Magoti nimeshayazoea. Ila weka stesheni yenye benchi, watu wasisimame juani."

Benchi nimeanza leo.

Msalimie mkeo na binti yako mwalimu. Mjaliwe afya na usingizi mzuri.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kuliko unavyostahili,
Mzee Boliti.

Ukidhani nakupiga kamba, muulize seremala, ingawa kaninunia. Au muulize dada yako. Akikwambia ilipita kwa sabuni zake, usimbishie. Kumbishia ni kazi yangu.