Ngazi za Ghorofa ya Tatu

Makadara, 4 Novemba 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na shangazi anakusalimu. Huko Voi mvua imewafikia, au bado jua kali?

Lifti ya chuo ingali mbovu na darasa letu liko ghorofa ya tatu. Usijitie wasiwasi. Wenzangu Jeremy na Kazungu hunipandisha, mimi na kiti changu cha magurudumu, na Kate hubeba mkoba. Wananitania ati mahamri ya shangazi yamenizidisha uzito. Mtihani ni tarehe 2 Desemba.

Mwanao,
Mwanakhamis

Voi, 10 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, ila mgongo. Kuhusu hao vijana, sipendi ushikwe na wanaume wasio maharimu zako, na wakikuangusha je? Nimewaandikia wakuu wa chuo wakataze mambo hayo na watengeneze lifti. Mimi ni mzazi, watanisikia.

Babako

Makadara, 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa.

Barua yako wameisikia nusu. Wamebandika tangazo penye ngazi: mwanafunzi mlemavu asibebwe na yeyote, kwa ombi la mzazi. Lifti hawakuitaja. Niliomba mtihani niufanyie chini, nikaambiwa ombi hilo hupelekwa mwezi mmoja kabla. Sijui nimlilie nani. Tafadhali waandikie tena, ufute maneno yako.

Mwanao

Voi, 26 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi usingizi sipati.

Niliandika siku ile ile nilipopata barua yako, na simu nimepiga mara nne. Wanasema barua yangu ya kwanza imeshaingia kwenye faili, na kamati itakaa Januari. Nimeomba ruhusa kazini nije nikubebe mwenyewe, walinzi wanitoe wakitaka. Nimenyimwa. Nilidhani nakustahi, kumbe nimekufungia mlango. Nisamehe.

Babako

Chuoni, 2 Desemba

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, alhamdulillahi.

Nilifika mapema. Shangazi alinipigia buibui pasi tangu jana. Jeremy alikishika kiti, mlinzi akamwonyesha tangazo kwa kidole. Nikamwambia apande na Kazungu, wasije wakakosa na wao. Saa tatu nikausikia mlango wa juu ukifungwa. Somo hili nitalirudia mwakani, lifti ikiwa nzima.

Nimeshakusamehe. Nakuandikia hapa chini ya ngazi kwa kalamu niliyokuja nayo mtihanini. Natamani ungeniuliza kwanza.

Mwanao,
Mwanakhamis